Habari Kutoka Kidoleni: Kurudisha Mguso kwa Mikono Bandia Inayoongozwa na Ubongo

Mkono ni chombo cha kazi, na papo hapo ni chombo cha habari. Mchezaji wa bao anapotia vidole shimoni kuchota kete, macho yake huwa yako upande wa mpinzani. Vidole ndivyo vinavyomwambia kwamba kete moja imebaki pembeni na bado haijaingia kiganjani. Anayeingiza mkono mfukoni penye sarafu, funguo na simu huchomoa funguo bila kuchungulia. Mambo haya hufanyika upesi hivi kwamba hakuna anayeyahesabu kuwa ujuzi, mpaka siku moja mtu aamke amelalia mkono, umekufa ganzi, na kishikizo cha shati kikatae kuingia tunduni. Misuli ni mizima, mifupa ni mizima, amri ya ubongo inafika. Kilichokatika ni majibu.

Mikono bandia inayoongozwa na ubongo ilianza ikiwa katika ganzi ya namna hiyo. Mwezi Aprili 2011, huko Marekani, Cathy Hutchinson, mwanamke aliyekuwa amepooza kwa miaka ipatayo 15 kutokana na kiharusi, aliuongoza mkono wa roboti kwa mawazo yake mpaka ukachukua chupa ya kahawa, ukaileta mdomoni, akanywa kwa mrija. Jarida la Nature lilichapisha habari hiyo mwaka 2012, na mwishoni mwa mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Pittsburgh kikatoa taarifa ya Jan Scheuermann, aliyejilisha chokoleti kwa njia kama hiyo. Yalikuwa mafanikio makubwa na picha zake zilizunguka dunia. Lakini katika majaribio ya aina hiyo macho ndiyo yaliyobebeshwa kazi ya vidole. Mtumiaji hufuata mkono hatua kwa hatua, akikisia kama vidole vimekwisha kugusa chupa au bado vina nafasi ya unene wa karatasi. Na jicho halioni nguvu. Chupa ya plastiki iliyobanwa kidogo na iliyobanwa sana huonekana sawasawa, mpaka ya kwanza idondoke au ya pili ibonyee.

Ili kuelewa kilichopungua, inafaa kuanza na ngozi yenyewe. Ngozi ya kiganja na ya upande wa ndani wa vidole, ile isiyo na vinyweleo, hupeleka habari zake kwa nyuzi za neva, au mishipa ya fahamu kama wengi wanavyoiita. Mwaka 1979 watafiti wa Sweden, Roland Johansson na Åke Vallbo, walikadiria kwamba nyuzi za mguso wa kiganja na vidole vya mkono mmoja ni kama 17,000, na zimesongamana zaidi kwenye ncha za vidole. Ziko za aina nne, kila aina na tabia yake. Zile zinazoishia kwenye seli za Merkel hujibu mgandamizo, na huendelea kujibu maadamu kitu bado kinagusa; kwa hizo hutambulika kingo, pembe na nukta za maandishi ya Breli. Zile za Meissner hujibu kitu kinapoanza kugusa, kinapoachia au kinapoanza kuteleza, kisha hunyamaza. Za Pacini, zilizofukiwa ndani zaidi, husikia mitetemo midogo ya kasi, hata ile inayopita katika chombo kilichoshikwa: seremala akisukuma randa hulisikia fundo la mti kupitia randa, ingawa kidole chake hakijagusa mbao. Za Ruffini hufuatilia jinsi ngozi inavyovutika.

Kushika gilasi ya maji ni kazi ya sekunde moja au mbili, lakini ndani yake mna mazungumzo marefu. Vidole vinapogusa kioo, nyuzi za Meissner huripoti kwamba mguso umetokea, na ubongo huacha kufunga vidole na kuanza kubana. Gilasi inapoachana na meza, mshtuko mdogo huzifikia nyuzi za Pacini, na ubongo hujua kwamba uzito wote sasa uko mkononi. Kioo kikiwa na jasho la maji baridi, kikaanza kuteleza hata kwa kiasi ambacho macho hayawezi kukiona, vidole hukaza kabla sehemu moja ya kumi ya sekunde haijapita, na mwenye mkono huenda asijue kwamba kulikuwa na hatari. Nguvu inayotumika ni ile inayozidi kidogo tu nguvu ya kuzuia kitu kisianguke. Hii ndiyo sababu mtu hachoki kushika kalamu saa nzima.

Johansson, katika Chuo Kikuu cha Umeå, aliuonyesha ukweli huo kwa kitu kidogo kabisa: njiti ya kiberiti. Mtu alipoombwa atoe njiti na kuiwasha, alimaliza kwa sekunde chache. Ncha za vidole vyake zilipotiwa dawa ya ganzi, kazi ileile ilichukua muda mara kadhaa zaidi. Njiti ilidondoka, ikaokotwa, ikageuzwa vibaya, ikadondoka tena. Macho yalikuwa wazi muda wote na hayakusaidia sana. Jambo zito zaidi la aina hiyo lilimpata Ian Waterman, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi ya kukata nyama buchani. Mwaka 1971, akiwa na miaka 19, aliugua, na ugonjwa ukaua nyuzi za mguso na zile za kujulisha viungo viko wapi, kuanzia shingoni kwenda chini. Hakupooza. Hata hivyo mwanzoni hakuweza hata kukaa kitako, kwa sababu mwili wake ulimpotea. Baadaye alijifunza kutembea na kushika vitu kwa kuutazama kila mwendo na kuufikiria. Taa ikizimika ghafla, anaanguka. Ganzi ya mkono wa roboti ni ya jamaa moja na hiyo. Wanaoona mguso kuwa pambo la kuongezwa mashine ikishakamilika hawajamsikiliza Waterman.

Njia ya mguso huanza kidoleni, hupanda mkono, huingia uti wa mgongo na kukwea mpaka kwenye shina la ubongo, ambako huvuka upande wa pili. Mkono wa kulia huhisiwa na ubongo wa kushoto. Kutoka hapo hupita kituo cha katikati kiitwacho thalamasi na kuishia kwenye ukanda wa gamba la ubongo ulio nyuma ya ufa wa kati. Mbele ya ufa huohuo uko ukanda unaoamuru misuli. Kwa hiyo amri na majibu ni majirani, ukuta mmoja tu unawatenga.

Ukanda huo wa mguso una ramani. Aliyeichora kwa binadamu ni daktari wa upasuaji Wilder Penfield, aliyefanya kazi Montreal, Kanada. Wagonjwa wake wa kifafa walipasuliwa wakiwa macho, kwa kuwa ubongo wenyewe hauna maumivu, naye akawa anagusa gamba kwa umeme hafifu na kuuliza mtu anahisi nini na wapi. Matokeo aliyoyatoa pamoja na Edwin Boldrey mwaka 1937 yalionyesha kwamba kila sehemu ya mwili ina mahali pake, na kwamba mahali hapo hapalingani na ukubwa wa sehemu hiyo. Midomo na vidole vimejitwalia eneo kubwa, mgongo wote umeachiwa kipande kidogo. Jambo lingine halikupewa uzito kwa muda mrefu: wagonjwa wa Penfield hawakusema wameguswa na kitu wanachokifahamu. Walitaja ganzi, mchomochomo, kama umeme. Mahali palikuwa sahihi, lakini hisi yenyewe ilikuwa ngeni. Tofauti hiyo kati ya *wapi* na *nini* ndiyo inayowasumbua wahandisi hadi leo.

Ramani hiyo ina sifa moja iliyowafaa sana watafiti: haifutiki kwa urahisi. Ilidhaniwa zamani kwamba mtu akikatwa mkono au akipooza, eneo la mkono katika ubongo huvamiwa na majirani, kama shamba lililoachwa bila mwenyewe. Uchunguzi wa Tamar Makin na wenzake umeonyesha picha tofauti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliowafuatilia watu watatu kabla na baada ya kukatwa mkono, ulikuta ramani ya vidole bado imesimama mahali pake. Mkono umeondoka, nyumba yake ubongoni haijabomolewa.

Mahali pa kupenyeza habari hutegemea mahali ilipokatika. Aliyekatwa mkono bado ana neva zake, zimeishia tu kwenye kigutu, na inawezekana kuzungumza nazo palepale. Mwaka 2013, katika hospitali ya Gemelli mjini Roma, Dennis Aabo Sørensen, raia wa Denmark aliyepoteza mkono wa kushoto kwa ajali ya fataki, alipandikizwa elektrodi nyembamba ndani ya neva mbili za mkono na timu ya Silvestro Micera. Akiwa amefungwa macho na kuzibwa masikio, aliweza kutofautisha kitu kigumu na laini, na kutambua umbo la chupa, la mpira wa besiboli na la chenza. Mwezi mmoja baadaye elektrodi zikatolewa, kwa kuwa ruhusa ya jaribio ilikuwa ya siku 30. Huko Cleveland, timu ya Dustin Tyler imeziacha elektrodi za namna nyingine zikiwa zimekumbatia neva za watu waliojitolea kwa miaka. Njia hii ni nafuu na salama zaidi kuliko kufungua fuvu, na kwa aliyekatwa mkono pengine ndiyo itakayotangulia kufika sokoni.

Lakini njia hiyo haimfai aliyevunjika shingo. Kwake mkono wa nyama upo, umelala juu ya paja, neva zake ni nzima, lakini daraja la uti wa mgongo limekatika na hakuna kinachopanda wala kinachoshuka. Mtu huyu lazima amri zake zichukuliwe ubongoni, na majibu yapelekwe hukohuko.

Kwamba ubongo ungekubali majibu ya umeme, hilo lilijulikana kwanza kwa nyani. Mwaka 1998 Ranulfo Romo na wenzake nchini Mexico waliwafundisha nyani kulinganisha mitetemo miwili kidoleni na kuonyesha upi una kasi zaidi. Kisha mtetemo mmoja ukaondolewa, na badala yake mipigo ya umeme ikapelekwa moja kwa moja kwenye ukanda wa mguso. Nyani waliendelea kujibu karibu sawasawa na awali. Mwaka 2011 timu ya Miguel Nicolelis katika Chuo Kikuu cha Duke iliunganisha pande zote mbili: nyani aliongoza mkono wa kwenye skrini kwa ubongo, akapapasa vitu vilivyofanana kabisa kwa macho, na akachagua kimoja kwa kufuata mpigo wa umeme uliosimama badala ya mkwaruzo wa kitu hicho. Katika Chuo Kikuu cha Chicago, Sliman Bensmaia, aliyefariki Agosti 2023, alijitolea kutengeneza kamusi ya lugha hiyo. Mwaka 2013 yeye na wenzake walionyesha kwamba inawezekana kupanga kiasi cha umeme kinacholingana na kiasi cha mgandamizo, hivi kwamba nyani akaupima mguso wa umeme kama alivyoupima wa kweli. Nyani, hata hivyo, hawezi kueleza anahisi nini. Anaweza tu kuchagua na kupewa maji ya matunda.

Mtu wa kwanza aliyeweza kulieleza hilo kwa muda mrefu alikuwa Nathan Copeland wa jimbo la Pennsylvania. Mwaka 2004, akiwa na miaka 18, alipata ajali ya gari iliyomvunja shingo. Mwaka 2015 madaktari wa Pittsburgh walimpandikiza mabamba manne ya elektrodi: mawili mbele ya ufa wa kati kwa ajili ya kusoma amri, mawili nyuma yake kwa ajili ya kupeleka mguso. Bamba la aina hiyo, lililobuniwa na Richard Normann katika Chuo Kikuu cha Utah, ni kipande cha silikoni kisichofikia ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, chenye safu za sindano zisizozidi milimita moja na nusu kwa urefu, zilizoachana kwa chini ya nusu milimita. Linafanana na brashi ndogo ya chuma. Halisukumwi taratibu kwa mkono, kwa sababu gamba la ubongo lingebonyea kama godoro na sindano zisingeingia. Hupigwa kwa kifaa cha hewa kinacholitia mara moja.

Mabamba mawili ya mguso yalikuwa na elektrodi 32 kila moja. Yaani nyaya 64 zilitakiwa kusema yale ambayo nyuzi 17,000 huyasema.

Umeme unaotumika ni mdogo mno. Haupiti mikroampea 100 kwa elektrodi moja, takriban sehemu ya mia ya kile kinachowasha taa ndogo ya kuonyesha kwamba redio imewaka, na hupelekwa kwa mipigo, kwa kawaida kama mia moja kwa sekunde. Copeland alipopigiwa mipigo hiyo hakuhisi kitu kichwani wala katika roboti. Alihisi katika mkono wake mwenyewe wa kulia, ule uliokuwa haujamletea habari kwa zaidi ya miaka kumi. Hisi zilikuja zaidi kwenye mashina ya vidole na sehemu ya juu ya kiganja, kuanzia kidole cha shahada hadi cha mwisho. Ncha za vidole zilikosekana kwa sehemu kubwa, kwa sababu eneo lake limejificha ndani ya ufa ambako sindano fupi hazifiki kwa urahisi. Alizitaja kwa maneno kama mgandamizo, mchomochomo, vuguvugu, na mara nyingi alisema zinakaribia kuwa za asili ingawa si za asili kabisa. Taarifa hiyo ilitoka Oktoba 2016 katika jarida la Science Translational Medicine, na mwezi huohuo Rais Barack Obama, akiwa Pittsburgh kwa kongamano la sayansi, akagonganisha ngumi na mkono wa roboti aliouongoza Copeland.

Mwaka mmoja kabla ya hapo DARPA, idara ya utafiti ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliyogharamia sehemu kubwa ya kazi hizi, ilikuwa imetangaza jaribio la kijana mmoja wa miaka 28 bila kumtaja jina. Alifungwa macho, na mtafiti akawa anabonyeza kidole kimoja cha roboti baada ya kingine. Kijana akataja kila kidole, karibu bila kukosea. Kisha, bila kumwambia, vikabonyezwa viwili kwa pamoja. Akauliza kwa mzaha kama kuna mtu anajaribu kumchezea. Mzaha huo una uzito zaidi kuliko jedwali la takwimu, maana aliyebonyezwa vidole viwili alijua ni viwili hata pale ambapo swali lilimtaka ataje kimoja.

Magazeti mengi yaliandika kwamba mguso umerudishwa. Neno hilo lilikuwa kubwa kuliko kitu chenyewe. Kilichorudishwa kilikuwa ni ishara ya mahali na kiasi: kidole kipi, na kwa nguvu gani. Swali lililobaki ni kama hicho kidogo kinatosha kumsaidia mtu kufanya kazi.

Jibu lilipatikana mwaka 2021, katika makala ya Sharon Flesher na wenzake iliyochapishwa na jarida la Science. Mkono wa roboti ulikuwa na vipimo kwenye mota za vidole. Kidole kikikumbana na kitu, mota hukazana, na kadiri ya kukazana huko hugeuzwa kuwa nguvu ya mipigo inayopelekwa kwenye elektrodi ya kidole kinacholingana. Copeland alipewa kipimo kinachotumika hospitalini kwa wagonjwa wa kiharusi: kuchukua vitu vya maumbo na ukubwa tofauti mezani, vitalu vya mbao na vinginevyo, na kuvihamishia mahali pengine huku saa ikihesabu. Alikuwa mzoefu wa mkono huo kwa macho peke yake. Bila mguso, muda wake wa kati kwa jaribio moja ulikuwa sekunde 20.9. Kwa mguso, ukashuka hadi 10.2.

Sehemu iliyookoa muda ndiyo inayofundisha zaidi. Mkono haukusafiri kwa kasi kubwa kutoka mezani hadi mahali pa kuweka. Sekunde zilizopotea zamani zilikuwa za kusitasita pale kitu kilipokuwa katikati ya vidole: kufunga, kufungua kidogo, kusogeza, kutazama kwa pembeni, kufunga tena. Ishara ya mguso iliondoa kusitasita huko. Na haikuhitaji mafunzo marefu. Ubongo ulijua cha kuifanyia tangu mwanzo, kama mtu anayesikia lugha ya utotoni ikizungumzwa kwa lafudhi mbaya.

Lafudhi hiyo mbaya ina sababu. Sindano moja haizungumzi na nyuroni moja. Mpigo wake huamsha kundi zima kwa wakati mmoja na kwa mdundo mmoja, ilhali katika mguso wa kweli kila nyuroni huingia kwa zamu yake, nyingine hupiga mwanzoni na kunyamaza, nyingine huendelea. Ni kama waimbaji wote wa taarabu kuamriwa watamke silabi moja kwa pamoja. Wingi wa mipigo kwa sekunde nao hauna tabia moja. Mtu angedhani kwamba mipigo ikiongezeka hisi huwa kali zaidi, lakini uchunguzi wa Pittsburgh uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta elektrodi zinazotenda kinyume: nyingine hutoa hisi kali zaidi kwa mipigo michache, na ubora wa hisi nao hubadilika, kutoka kugongwagongwa hadi mgandamizo au mchomochomo.

Hapo ndipo kazi ya Chicago ilipoelekea. Wazo la Bensmaia lilikuwa kwamba umeme uige jinsi ngozi inavyosema: mlipuko mkubwa wa ishara kitu kinapogusa, utulivu mdogo kinapokaa, na mlipuko mwingine kinapoachia. Makala mbili za karibuni zimeendeleza njia hiyo kwa watu kadhaa wa Chicago na Pittsburgh, ambao baadhi yao, kwa kuwa mabamba yao yalipangwa kwa ramani bora kabla ya upasuaji, wanahisi hata kwenye ncha za vidole. Ya kwanza, ya Charles Greenspon na wenzake mwaka 2024, ilionyesha kwamba hisi ya elektrodi moja hubaki mahali palepale kwa miaka, na kwamba elektrodi mbili au zaidi zenye maeneo yanayopishana zikipigwa pamoja hutoa hisi iliyo wazi na yenye nguvu zaidi. Ya pili, iliyoongozwa na Giacomo Valle na kuchapishwa Januari 2025, ilipiga elektrodi kwa mpangilio na kwa zamu, na watu wakahisi ukingo wa kitu, upinde wake, na kitu kikitambaa juu ya ngozi. Kutambaa huko kuna maana kubwa kwa kushika, kwa sababu ndiko dalili ya kwanza ya kuteleza.

Kuna tatizo la ufundi ambalo halionekani kwenye picha lakini limekula miaka ya kazi. Elektrodi za kusoma amri husikiliza minong'ono ya nyuroni, na umbali mdogo tu nyuma yake, mipigo ya mguso inapigwa kama ngoma. Kompyuta ingeweza kuichukulia ngoma hiyo kuwa amri, na mkono ungetikisika wenyewe. Dawa iliyotumika ni kuziba sikio: kila mpigo unapotoka, usomaji husimamishwa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde na kuanza tena. Bado haimalizi jambo, kwa sababu ukanda wa mguso na ukanda wa amri zimeunganishwa kwa asili. Ukiamsha mmoja, mwingine nao husisimka, na programu inayofasiri amri lazima ilijue hilo.

Wengine wamekwenda njia za pembeni. Katika Taasisi ya Teknolojia ya California, timu ya Richard Andersen ilichapisha mwaka 2018 kwamba mtu aliyejitolea kwao alihisi siyo kuguswa tu bali pia kama mkono unasogea, ile hisi ya viungo aliyoipoteza Waterman. Huko Ohio kulikuwa na Ian Burkhart, ambaye hakutumia mkono wa roboti bali mkono wake mwenyewe, ukiamshwa kwa mkanda wa umeme uliofungwa kwenye kigasha. Mwaka 2020 watafiti wake walitoa habari isiyotarajiwa: kidole chake kikiguswa hakuhisi, lakini ubongo wake ulipokea mnong'ono wa mguso huo, uliopenya kwenye nyuzi chache zilizonusurika katika uti wa mgongo. Kompyuta ikausoma mnong'ono huo na kuurudisha kama mtetemo mahali anapohisi, naye akaanza kujua kwamba ameshika kitu hata bila kutazama.

Mengi hayajaguswa. Hakuna mkono wa aina hii unaoleta joto kwa namna ya kutegemewa. Vuguvugu linalotajwa na watumiaji hutokea lenyewe na halina uhusiano na kikombe kilichoshikwa. Anayekula kwa mkono hulipima tonge la ugali kwa moto wake kabla hajalipima kwa ulaini, na mtumiaji wa mkono huu bado angeungua mdomo. Maumivu hayaletwi pia, kwa makusudi, ingawa ndiyo yanayomwokoa mtu asiache kidole kwenye jiko. Vipimo vya roboti vyenyewe ni vichache na vinene. Kidole chenye kipimo kimoja kwenye mota hakiwezi kutofautisha kitenge na hariri hata kama ubongo ungekuwa tayari kupokea tofauti hiyo. Sindano za silikoni huzungukwa taratibu na kovu, na nyingine hufifia kadiri miaka inavyopita. Nyaya zinatoka nje ya fuvu kupitia vishikizo vya chuma vilivyofungwa kwa skrubu kwenye mfupa, na palipo na tundu la ngozi lisiloziba, maambukizi hayako mbali. Majaribio ya kuondoa nyaya na kutuma habari kwa redio yanaendelea, lakini kupeleka umeme wa mguso kunahitaji nguvu zaidi kuliko kusoma amri tu, na betri iliyofukiwa chini ya ngozi haipaswi kuchemka.

Kwa sasa, basi, mguso wa mkono wa roboti una saa zake za kazi. Mtumiaji hufika maabara, kebo huchomekwa kwenye vishikizo vilivyo juu ya kichwa chake, na elektrodi hujaribiwa moja moja kuhakikisha kwamba kidole cha shahada bado ni cha shahada. Mkono mzito wa chuma umesimama kwenye kigingi pembeni ya kiti cha magurudumu. Copeland amewahi kuwa na mtambo mdogo nyumbani, wa kuchezea michezo ya kompyuta na kuchorea picha kwa ubongo, lakini mkono wenyewe ulibaki maabara. Kazi ikiisha kebo huchomolewa, vishikizo hufunikwa vifuniko vyake, na mkono wa kulia ulio juu ya paja hunyamaza tena.